Mtu wa Mvule

Kitale
14 Machi 2003

Mama Kevin,

Salamu kutoka kwa yule Mhindi aliyekusumbua kwenye maonyesho ya kilimo mpaka ukamuuliza kama amekuja kununua au kupiga domo. Ndiye mimi, Ramandeep. Anwani yako nimeipata kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo kwenu, kwa hiyo usishtuke.

Lile jambo nililokuambia nimelifanya. Ghala la mahindi la marehemu baba yangu, lile lililo nyuma ya kiwanda chetu cha mbao, nimelifagia, nimelipaka chokaa, nimetoboa madirisha juu, na sasa ni nyumba ya sanamu. Sanamu tu. Wanaotaka picha za twiga wakatafute kwingine. Mume wangu Surinder anasema nimerukwa na akili, ati hapo tungeuza mabati na misumari. Juzi pasta mmoja alisimama mlangoni akakemea pepo wa kuabudu sanamu, halafu akaingia kuhakikisha, akazunguka weee, na alipotoka akaniuliza kama yule jogoo wa chuma anauzwa. Jogoo ni kazi ya Gicheru, fundi wa kuchomelea, anayetengeneza wanyama kwa vipande vya majembe ya trekta. Ana kipaji, lakini nyumba haiwezi kuishi kwa jogoo.

Nataka wanawake wako wa mti, wale waliojitwisha mizigo isiyoonekana. Tangu niwaone sijatulia. Dereva wetu Hiram hupita Bungoma na lori la mbao. Atakuja mpaka kwako Kabuchai. Mpe vyote ulivyo navyo, na usinikatalie, maana nitakuja mwenyewe na domo langu.

Ramandeep


Kabuchai
2 Aprili 2003

Dada Ramandeep,

Mulembe. Hiram amepakia wanawake wote. Wauze, sina shida nao. Lakini kuna mmoja nimemfunga kwa shuka, amelazwa chini ya wengine. Huyo usimuuze, na usimwonyeshe mtu.

Nitakuambia kwa sababu wewe si wa huku na huna wa kumpelekea maneno. Ni Kevin, mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la mahindi, wakitoka Moi's Bridge kwenda Lokichoggio. Mwaka jana majambazi walilivamia huko mbele ya Kainuk, wakalichoma. Dereva alipatikana. Kevin hakupatikana, si mzima, si maiti.

Kwetu mtu akipotea hivyo wazee wanangoja. Wakiona wamengoja vya kutosha wanakata mgomba, wanaufunga shuka, wanauzika kama yeye, na boma linatulia. Atakayesema siku ni shemeji yangu Wakoli, ndiye mkubwa wa boma tangu baba Kevin afariki. Nilimwambia siwezi kulilia mgomba. Mikono hii imechonga nyuso za watu wasionihusu, sasa wangu nimzike bila uso? Wakoli akaniambia, "Mama Kevin, sikia. Hatujui kama kijana ako hai. Ukimchonga uso ukamlaza chini, ni wewe umemuua. Mgomba hausemi ni ya nani. Mti yako itasema."

Nikachonga hata hivyo, jikoni, mlango nimeufunga. Ni mvule aliokata baba yake. Wakoli akimwona atamchoma moto. Kwa hivyo nimekuletea umfiche. Mweke gizani, mpake mafuta machafu ya gari dumuzi wasimtoboe. Siku wazee wakisema, nitakuja kumchukua nimzike. Na Kevin akirudi nitakuja pia, nimpasue kuni kwa shoka langu mwenyewe, tupikie chai.

Nasambu


Kitale
9 Novemba 2003

Mama Kevin,

Utanigombeza, kwa hiyo nasema mapema. Sikumweka gizani.

Nilimfungua shuka nimpake mafuta kama ulivyoagiza, nikashindwa kumfunga tena. Nikaita mafundi wa mbao wamwinue taratibu. Nimemweka katikati ya ghala, chini kabisa, bila meza, kwenye sakafu ambapo baba alikuwa akirundika magunia. Kadi yake inasema: Aliyelala. Hauzwi. Jina lake sijaandika na sitaandika.

Mama Kevin, watu wanakuja. Walimu wanaleta madarasa. Mwandishi wa gazeti alitoka Nairobi. Wanapita kwa jogoo wakicheka, wanapita kwa wanawake wako wakisifu, wakimfikia yeye wanavua kofia. Surinder mwenyewe huja akijifanya anakagua paa, namwona anavyosimama pale. Hajanitajia mabati tena.

Ukisema nimfiche, nitamficha leo. Lakini nakuomba usiseme.

Ramandeep


Kabuchai
28 Novemba 2003

Dada,

Barua yako nimeisoma nikataka kupanda Kitale nikuvunjie milango. Nilikuambia gizani. Kiswahili changu kina kasoro gani?

Halafu nikakaa. Mimi huku siruhusiwi kulia. Nikitoa chozi wanawake wenzangu wananiambia, "Nasambu, wacha kuita kifo, si bado tunangoja?" Nikicheka wananiangalia tena vibaya. Mtoto wangu hana kaburi na mimi sina matanga. Kama huko kuna watu wanamvulia kofia, basi mwache. Wamlilie kwa niaba yangu.

Asiguswe na watoto.

Nasambu


Kitale
17 Julai 2005

Mama Kevin,

Wanawake uliotuma mwezi uliopita wameisha. Ghala halitoshi tena. Wachongaji wananiandikia kutoka Kisumu, kutoka Kampala, mmoja ameleta kifaru wa mawe nimemlaza nje kwenye mvua kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Mwanangu Deep ametutengenezea ukurasa kwenye intaneti, na picha ya kwanza inayotokea ni Aliyelala. Nataka kujenga ukumbi wa pili pale kwenye uwanja wa magogo. Ramani iko tayari, kinachokosekana unakijua.

Sasa nikusimulie jambo ulicheke. Alikuja mzungu mmoja, ana jumba kubwa la sanaa kwao ng'ambo. Alikaa siku nzima sakafuni kando ya Aliyelala. Jioni akaniambia anamtaka, na kwa hicho alichotaja ukumbi ungesimama wote na bustani juu yake. Nikamwonyesha kadi. Akacheka, akaongeza. Nikamwonyesha kadi tena. Surinder alinikasirikia mpaka akalala kwa dada yake. Kadi bado iko palepale, usiwe na wasiwasi.

Hiram ametuacha. Siku hizi anaendesha malori ya chakula cha msaada, huko huko Lokichoggio. Anakusalimu.

Ramandeep


Kabuchai
20 Septemba 2005

Dada Ramandeep, dada yangu!

Kaa chini kabla hujasoma. Hiram amekuja hapa kwangu jana, hata hakuzima lori. Amemwona Kevin! Lokichoggio, sokoni, amebeba gunia. Alimwona kwa mgongo, na lile koti ninalomweleza kila dereva anayepita. Koti nililomshonea viraka vya viwiko kwa kitambaa cha gunia la unga, maandishi ya unga yanasomeka mpaka leo. Nani mwingine ana koti kama hilo duniani? Hiram aliita, lakini askari walikuwa wanaliharakisha lori liondoke, na watu ni wengi, akampoteza. Lakini ni yeye! Kijana wangu anatembea, anabeba gunia, ana nguvu!

Huenda alijeruhiwa akapoteza kumbukumbu. Huenda anaogopa kuulizwa habari za lori. Huenda ana mke huko, mjinga yule. Nimetuma neno kwa madereva wote. Wakoli amekubali tusubiri aletwe polepole asije akakimbia.

Sasa lile gogo. Dada, sili, nikifikiria kwamba liko duniani. Nimemlaza mtoto aliye hai kama maiti, na watu wanamvulia kofia! Wakoli alinionya. Limwondokee mtoto wangu. Mpe yule mzungu. Alipeleke mbali, avuke nalo bahari.

Nasambu


Kitale
26 Septemba 2005

Mama Kevin,

Nimelia kwa furaha mpaka Deep akaja mbio akidhani kuna aliyekufa.

Lakini kuhusu Aliyelala, tulia kwanza. Ulisema Kevin akirudi utakuja kumpasua kuni. Njoo basi, shoka nitakupa mimi, na chai tutakunywa. Au nimfunge shuka nimweke stoo mpaka kijana afike nyumbani. Akishauzwa amekwenda. Nitamwandikia mzungu mkataba, na mkataba wangu haurudi nyuma. Una hakika?

Ramandeep


Kabuchai
3 Oktoba 2005

Dada,

Kumpasua siwezi. Nilisema tu wakati ule. Sasa nikijaribu kujiona na shoka juu ya uso ule, mkono unakufa.

Stoo pia hapana. Ukimweka, ni kwamba unaamini nitamhitaji. Unaamini hivyo? Usinijibu.

Nina hakika. Muuze. Asirudi hapa kamwe.

Nasambu


Kitale
12 Februari 2006

Mama Kevin,

Ameondoka kwenye sanduku la mbao za kiwanda chetu, amezungushiwa pamba kama yai. Na ukumbi umesimama! Paa ni refu, mwanga unaingia kutoka juu, kifaru hanyeshewi tena. Wamekuja wageni hata sikuwajua ni akina nani. Gicheru alivaa tai. Fungu lako nimelipeleka benki ya Bungoma kama tulivyoelewana.

Ukumbi wa kwanza kabisa wa sanamu peke yake upande wetu huu, na umejengwa na wanawake wawili na mti mmoja. Nilitaka sana uwepo. Nilikuwekea kiti mbele, nikawa nageuka kukiangalia.

Kevin amefika? Msalimu. Mwambie kuna mama Mhindi Kitale anamjua uso wake vizuri kuliko anavyofikiri.

Ramandeep


Kitale
5 Juni 2006

Mama Kevin,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Umenikasirikia? Au Kevin amekushughulisha, unamlisha anenepe? Nikumbuke kidogo. Naandaa maonyesho mapya na ukuta wako uko mtupu.

Msalimu Kevin.

Ramandeep


Bungoma
22 Agosti 2006

Dada Ramandeep,

Naandika nikiwa posta, nimesimama, kwa sababu nikifika nyumbani sitaandika.

Sikukujibu kwa kuwa kila barua yako ilimsalimia. Ningekujibu nini? Madereva walikuwa wananiambia, bado tunamtafuta, mama. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Mwishowe nilimwambia Wakoli sitangoja tena, nakwenda mwenyewe. Akasema hataniacha niende peke yangu. Tulikwenda Lokichoggio, vumbi likituingia mpaka kwenye meno.

Nilimwona sokoni. Kwa mgongo ni yeye kabisa, mabega, mwendo, na koti. Nikaita, "Kevin!" Akageuka. Dada, alikuwa kijana wa watu tu. Mpole, ana makovu ya kwao usoni, hakujua Kiswahili vizuri. Koti alilinunua Lodwar kwa muuza mitumba, zamani. Alinivulia niliangalie. Viraka ni vyangu. Mgongoni kuna tundu limeshonwa, na uzi ule si wangu. Nilipitisha kidole nikajua ni risasi.

Nilikaa chini katikati ya soko. Wakoli alivua koti lake la suti, lile la kanisani, akampa yule kijana wabadilishane. Kijana alilivaa, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili. Sijui alisema nini.

Tulirudi mpaka Kapenguria. Hapo Wakoli akaniuliza, "Mama Kevin, ile mti yako bado iko?" Kumbe alijua tangu mwanzo, alikuwa anasikia tezo. Akasema, "Basi mlete. Sasa tunajua, hakuna mtu unaua tena. Hii koti iko na haja ya mtu wa kuivaa. Tutamzika na uso yake, vile ulitaka."

Wamekubali, dada. Wazee wote wamekubali. Kitu nilichoomba toka siku ya kwanza wamenipa. Nirudishie Kevin.

Nasambu


Kitale
27 Agosti 2006

Mama Kevin,

Pole. Pole, dada yangu. Sina neno lingine na hili halitoshi.

Nimempigia simu yule mzungu leo. Nimemwandikia pia, na Deep ameandika kwa kompyuta. Nimesema nitarudisha kila kitu, nitauza ukumbi na kiwanda, Surinder amekubali bila hata kuuliza. Usiruhusu wazee wapange siku bado. Nitamleta mwenyewe, nitakaa naye nyuma ya lori.

Ramandeep


Kitale
19 Novemba 2006

Mama Kevin,

Wamekataa.

Nimeomba kwa kila njia. Nimewaambia ni nani. Kwa nini ulituficha jina lake kwenye kadi, wananiuliza mimi, kana kwamba wangelijua wasingemchukua. Tena baada ya kujua wanamtaka zaidi. Wamejibu kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ndiyo imenimaliza. Wanasema wamemweka kwenye chumba chake mwenyewe chenye hewa ya kupimwa. Wanasema kazi kama hiyo haiwezi kutolewa ikaoze udongoni, kwamba si ya mama mmoja tena, ni ya dunia nzima. Wakili amesoma mkataba kutafuta ufa. Hakuna. Niliuandika mimi, na niliuandika vizuri.

Walichotuma ni picha yake kubwa, ya uso. Nimeiweka pamoja na barua hii. Nilifikiri niichane, lakini si yangu.

Ukumbi mpya nimeufunga. Wachongaji wananung'unika, Gicheru ameniita mwendawazimu mbele ya wateja. Siwezi kuingia mle. Kila tofali ni yeye.

Dada, nathubutu kusema neno moja. Mikono iliyomchonga bado unayo. Nimekutumia gogo la mvule, bora kabisa kiwandani, limekauka sawasawa. Mchonge tena. Nisaidie, mchonge tena.

Ramandeep


Kabuchai
21 Januari 2007

Dada Ramandeep,

Gogo lilifika. Asante. Nililiweka jikoni palepale, nikafunga mlango japo hakuna wa kumficha tena. Wakoli mwenyewe alikuwa akininolea tezo.

Nilianza kichwa, nikakiangalia, nikakikata. Nikaanza tena. Mikono haina shida, dada, inakwenda yenyewe. Lakini kila uso unaotoka ni wa yule wa picha uliyonitumia. Ni mistari ileile, macho yaleyale yaliyofumba. Nachonga sanamu ya sanamu. Nikatupa tezo, nikasema ngoja nimkumbuke kwanza. Nimkumbuke akila ugali, akinidanganya, akicheka hapo mlangoni. Nikifumba macho anakuja yule aliyelala. Ananiletea uso wake wa mti kila mahali, hata Kevin nikimkumbuka mdogo mgongoni kwangu, ana uso ule.

Na picha yake sina. Kitambulisho alikuwa nacho. Ile ya shule amesimama nyuma ya bega la mwenzake, unaona nywele tu. Nimewauliza watu, pua yake ilikuwaje, kidevu je? Wananionea huruma, wanasema, "Alifanana na wewe." Nimejiangalia kwenye kioo mpaka nikajichukia.

Mimi ndiye niliyesema muuze. Uliniuliza nikasema nina hakika. Usibebe mzigo huo, wala usifunge ukumbi kwa ajili yangu. Ufungue tu. Kazi zangu usingoje, sichongi tena.

Tulimzika Jumamosi. Wakoli alikata mgomba, akauvalisha koti mwenyewe, akafunga vifungo taratibu kama anamvalisha mtoto wa shule. Watu walijaa mpaka kwa jirani. Hatukuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza, kwa hivyo niliweka ile ya wazungu. Watu walipopita waliiona, wakapiga mayowe, "Ni yeye! Ni Kevin kabisa!" Na mimi nikalia, mara ya kwanza nikiwa na ruhusa, nikiangalia picha ile.

Nasike, mdogo wake, alikuwa amenishika mkono. Akaniinamia sikioni akaninong'oneza, "Mama, lakini masikio ya Kevin hayakuwa hivyo."

Nilimwambia anyamaze, watu wanasikia. Usiku huo na leo nimekaa nayajaribu akilini, sikio la kulia, sikio la kushoto, na sijui, dada. Mtoto nilimnyonyesha mimi, na sijui.

Nasambu